Alifungwa uzazi akiwa na miaka 26, sasa anataka mtoto: uchambuzi wa kisa kimoja cha Bombo

Alipofika kwenye kliniki yetu alikuwa na miaka 34. Ni mzaliwa wa Bombo, mji ulio kwenye barabara ya Gulu, kama kilomita 35 kaskazini ya Kampala, ambako Wanubi na familia za wanajeshi wameishi jirani kwa vizazi, na Kiswahili husikika sokoni na kambini. Amezaa mara tatu: mtoto wa kwanza kwa njia ya kawaida, wa pili na wa tatu kwa kisu. Siku aliyopasuliwa kwa ajili ya mtoto wa tatu, akiwa na miaka 26, alifungwa uzazi hapo hapo mezani. Baadaye ndoa ilivunjika, akapewa talaka. Akiwa na miaka 32 aliolewa na sajini wa jeshi mwenye miaka 38, mtu ambaye hajawahi kupata mtoto.

Mimi ni mkunga. Kazi yangu ni kusikiliza, kupima na kuandika rufaa; anayeshika kisu ni daktari bingwa wa Kampala. Wenyewe wamekubali kisa chao kiandikwe, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike.

Walikuja na swali moja, na aliyeliuliza ni bwana: "Sista, tumeambiwa kilichobaki ni IVF tu. Nina ploti. Niuze?"

IVF ni kukutanisha yai na mbegu maabara, kisha kupandikiza mimba kizazini. Nilimwambia asiuze kwanza. Mwanamke aliyefungwa uzazi akitaka mtoto, watu wote humwangalia kwenye mirija, na yeye mwenyewe hujiangalia hapo hapo. Lakini njia ya matibabu inaamuliwa na mambo manne kwa pamoja: mirija ilikatwa namna gani na wapi, mayai yake yakoje, mbegu za mume zikoje, na kizazi chake kinaweza kubeba nini. Anayelipia matibabu kabla ya kuyajua hayo manne anaweza kununua tiba nzuri isiyomhusu. Kisa hiki kinaonyesha hilo kwa sababu kila jibu lilipopatikana, mpango ulibadilika.

Miaka miwili ya chupa

Kabla ya kutufikia walikuwa wamepoteza miaka miwili. Mama huyu alikunywa mumbwa, ule udongo uliochanganywa na mitishamba ambao wanawake wa Buganda hutumia wakati wa ujauzito. Alinunua chupa za dawa ya kuzibua mirija katika soko la Owino, Kampala. Bibi mmoja alimkanda tumbo kila Ijumaa. Simlaumu hata kidogo, maana hakuna mtu wa afya aliyekuwa amekaa naye kumweleza mwili wake ulifanywa nini. Mrija uliokatwa kipande katikati una ncha mbili, kila moja imepona na kufumba peke yake, na kati yake kuna nafasi. Hakuna kinywaji kinachoweza kushona ncha hizo, wala mafuta, wala mikono ya kukanda. Pesa za Owino zilimuuma, lakini mimi kilichoniuma zaidi ni ile miaka miwili, kwa sababu pesa hurudi na umri wa mayai haurudi.

Na nyumbani moto ulikuwa unawaka. Ndugu wa mume walishaanza kumtajia mke wa pili. Mama mkwe hakuwahi kumtukana, aliacha tu kumuuliza hali. Haya nayaandika kwa sababu yana uzito katika matibabu: mwanamke anayeishi hivyo atakubali chochote atakachouziwa, na kwa bei yoyote.

Sahihi iliyotiwa kwenye uchungu

Nilimuuliza aliamuaje kufunga uzazi akiwa na miaka 26. Akajibu: "Nilikuwa na uchungu tangu usiku. Nishalazwa mezani, wakaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema huyu wa tatu. Wakasema kisu kingine kitakuua, tukufunge? Nikatia sahihi. Nani angekataa?"

Kwanza, aliambiwa jambo lisilo sahihi. Upasuaji wa tatu wa kujifungua una hatari zaidi ya wa pili, hilo ni kweli, na nitalirudia hapa chini kwa sababu ndilo zito kuliko yote katika kisa hiki. Lakini wanawake wengi hupasuliwa mara tatu na kurudi nyumbani salama wakihudumiwa panapostahili. Pili, alipewa njia moja tu. Kijiti cha mkononi hukaa miaka mitatu hadi mitano, kitanzi cha shaba hukaa miaka 10, na vyote vinazuia mimba kwa uhakika unaokaribia sana ule wa kufunga, kisha hutolewa siku mwenyewe anapotaka. Hakutajiwa hata kimoja.

Siandiki kupinga kufunga uzazi. Nchi hii, ambayo kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022 mwanamke huzaa kwa wastani watoto 5.2, ina akina mama wengi wanaoihitaji huduma hiyo na kuishukuru. Ninachopinga ni wakati na namna. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka 14 baada ya kufungwa ulionyesha kwamba waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake, karibu 20 katika kila 100 walijuta. Waliofungwa baada ya 30, karibu 6 tu. Umri mdogo peke yake ni onyo. Na kwa upande wa haki, Namibia ilishalifikisha jambo hili mahakamani: Mahakama Kuu yao mwaka 2012, kisha Mahakama ya Juu mwaka 2014, zilikubali malalamiko ya wanawake waliosainishwa fomu za kufungwa wakiwa kwenye uchungu. Ridhaa ya namna ile, walisema majaji, si ridhaa ya kweli. Mazungumzo ya kufunga uzazi mahali pake ni kliniki ya wajawazito, mama akiwa amekaa kwenye kiti, ana wiki kadhaa za kufikiri na nafasi ya kubadili mawazo.

Herufi tatu

Sisi Uganda mgonjwa hutembea na daftari lake la shule, na historia yake yote imo humo. La mama huyu lilikuwa limehifadhiwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Ukurasa wa siku ile ulisema amepasuliwa, mtoto wa kike, kilo 3.2, na mwishoni herufi tatu: BTL. Maana yake mirija yote miwili imefungwa. Basi. Imefungwaje, haikuandikwa.

Na hilo ndilo lililohitajika kuliko yote. Mrija wa uzazi una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Upande wa kizazi ni mwembamba, katikati unapanuka, na hapo ndipo yai hukutana na mbegu. Mwishoni una pindo kama vidole vinavyolizoa yai kutoka kwenye ovari. Daktari anaweza kubana mrija kwa klipu au pete, akaharibu sehemu ndogo sana. Anaweza kuvuta kitanzi cha mrija, akakifunga kwa uzi na kukata kichwa chake, njia iitwayo Pomeroy, ndiyo inayotumika sana wakati wa upasuaji wa kujifungua. Anaweza kuuchoma kwa umeme, na moto hausimami pale pale ulipowekwa, huharibu mbele na nyuma. Anaweza kukata pindo lote, au kuutoa mrija mzima. Mwanamke wa klipu na mwanamke aliyetolewa mirija wote wameandikiwa herufi zile zile tatu, lakini wa kwanza anaweza kuunganishwa na wa pili hana cha kuunganishwa.

Tuliandika barua kwa hospitali aliyojifungulia, mbali na Bombo. Mwanzoni walijibu kwamba faili halipo. Yeye mwenyewe alipanda taksi akaenda, akakaa kwenye benchi la ofisi ya kumbukumbu mpaka karani akamwonea huruma na kutafuta rejista ya chumba cha upasuaji ya mwaka ule. Ilikuwepo. Mstari wake uliandikwa kwa kalamu ya bluu: Pomeroy, pande zote mbili. Neno moja tu, lakini lilifungua mlango uliodhaniwa hauko. Wahudumu wenzangu mnaosoma hapa, nawaombeni: mkiandika BTL ongezeni njia iliyotumika na sehemu iliyokatwa. Ni sekunde kumi za kalamu.

Vipimo vya mama vilikuwa vya kutia moyo. Hedhi inafika kila baada ya siku 28. Homoni ya AMH, inayoonyesha akiba ya mayai, ilikuwa 2.1, nzuri kwa umri wake. Skani ilionyesha ovari zenye vijiyai vya kutosha, kizazi kisicho na uvimbe, na hakuna mrija uliojaa maji. Hilo la mwisho hutafutwa makusudi, kwa sababu maji ya mrija uliovimba humwagika ndani ya kizazi na kupunguza karibu nusu ya mafanikio ya IVF, hivyo mrija wa namna hiyo huondolewa au huzibwa kwanza.

Sajini na kikombe

Bwana hakutaka kupimwa. "Mimi nipimwe nini, Sista? Aliyefungwa ni yeye." Nilimjibu, "Afande, huwezi kupeleka kikosi vitani kwa kukagua silaha za upande mmoja." Akacheka, ila bado ilichukua wiki tatu na maneno ya imamu wake, si yangu, mpaka akaenda.

Majibu yalikuwa mabaya: mbegu milioni 7 kwa mililita moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, linaweka mpaka wa chini kuwa milioni 16. Nyumbani palipinduka. Mwanaume aliyekuwa anahurumiwa kwa kuoa mwanamke aliyefungwa sasa alikuwa haongei, na mkewe alinipigia simu akilia kwamba afadhali angebeba lawama yeye.

Lakini tulipomuuliza vizuri, alikuwa ametoka kuugua malaria kali mwezi mmoja nyuma, na homa ilipanda siku nne mfululizo. Homa kali huangusha mbegu, na mbegu mpya huchukua kama wiki kumi kukomaa. Kipimo kimoja kibaya hakitoshi kumhukumu mtu. Tulingoja miezi mitatu, akarudia: milioni 31, zinazotembea asilimia 48. Mzima.

Fikiria kama hapo katikati mtu angewaharakisha. Kwa milioni 7 wangepelekwa moja kwa moja kwenye upandikizaji ule wa kuingiza mbegu moja moja ndani ya yai, na ploti ingekuwa imeuzwa. Na kama asingepimwa kabisa, na zile mbegu chache zingekuwa ndiyo hali yake ya kudumu, tungempasua mkewe, tukaunganisha mirija vizuri, na mimba isingeingia. Kila mtu angesema upasuaji umeshindwa.

Kuunganisha au kupandikiza

Ikabaki mizani yenye pande mbili. IVF haihitaji mirija hata kidogo. Mwanamke huchomwa sindano za kukuza mayai kwa siku kama kumi hadi kumi na mbili, mayai huvutwa kwa sindano kupitia ukeni, hukutanishwa na mbegu maabara, na baada ya siku tatu hadi tano kiinitete huwekwa kizazini. Njia hii ilibuniwa kwa ajili ya mirija iliyoziba: mama yake Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa hivyo, Oldham, Uingereza, Julai 1978, alikuwa na tatizo hilo hilo. Hapa kwetu mtoto wa kwanza wa namna hiyo alizaliwa mwaka 2004, katika hospitali ya wanawake ya Bukoto, Kampala. Si jambo geni wala la kuogopwa.

Bwana aliuliza dini inasemaje, na ni haki yake kuuliza kabla ya kulipa. Mufti Mkuu wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alishatoa fatwa mwaka 1980 kwamba inaruhusiwa iwapo mbegu ni za mume, yai ni la mke na ndoa ipo hai. Mtu wa tatu haingii. Kwa majirani zetu Wakatoliki jibu ni tofauti, Kanisa lao halikubali IVF, na kwao kuunganisha mirija huwa ndiyo njia isiyo na kizuizi. Mshauri anapaswa kuyajua haya yote bila kumsukuma mtu.

Uzito wa IVF ni bei na kurudia. Jaribio moja Kampala linapita milioni kumi za shilingi, na likishindwa unaanza upya na kulipa upya. Takwimu za Uingereza za 2019 zinaonyesha kwamba kwa wanawake walio chini ya miaka 35, kila viinitete 100 vilivyopandikizwa vilileta watoto 32 hivi. Kwa wenye miaka 40 hadi 42, 11. Nazitaja hizo kwa sababu watu wengi hudhani ukishalipa, mtoto amepatikana.

Kuunganisha mirija ni upasuaji mmoja. Ncha zilizofumba hukatwa mpaka panapoonekana tundu hai, kisha hushonwa chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Ukifanikiwa, kila mwezi ni nafasi, hakuna sindano, na mtoto wa pili halipiwi tena. Tafiti zikikusanywa pamoja, wanawake 42 hadi 69 kati ya 100 hushika mimba baadaye. Wanaofanikiwa zaidi ni walio chini ya miaka 37 au hivi, waliobakiwa na mrija wa zaidi ya sentimita 4, waliofungwa kwa klipu, pete au Pomeroy. Mwanamke wa miaka 39 mwenye mume wa mbegu chache ningemwambia aende IVF na asipoteze mwezi. Mwanamke aliyekatwa pindo la mrija, hivyo hivyo. Gharama iliyofichika ya kuunganisha ni mbili: muda, maana unaweza kungoja mwaka mzima, na mimba kutunga nje ya kizazi, ambayo hutokea kwa wanawake 4 hadi 8 kati ya 100, wakati kwa wanawake wote kwa jumla ni 1 au 2.

Kwa miaka 34, Pomeroy, mbegu nzima, na wanandoa wanaotamani watoto wawili Mungu akijalia, daktari bingwa alishauri kuunganisha. Mimi pia ningewaambia hivyo. Ploti ikabaki.

Kilichoonekana ndani

Daktari alianza kwa kuingiza kamera kupitia tundu dogo la kitovuni, kabla ya kukata lolote zaidi. Alikuwa amekubaliana nao kwamba akikuta mirija haifai, atafunga na kurudi. Huo ndio uaminifu wa kutafuta kwa daktari. Mrija wa kulia ulikuwa umebaki kama sentimita 6, safi. Wa kushoto sentimita 4 na kidogo, umeshikana na utumbo kwa makovu ya vile visu viwili. Aliunganisha yote, lakini wa kushoto aliusema tangu siku ile: huu siuamini sana. Picha ya eksirei yenye dawa, miezi mitatu baadaye, ilionyesha dawa ikipita kulia kwa wepesi, na kushoto ikipita kwa shida.

Tuliporudi kliniki nilimpa maagizo, na nililirudia moja mara nyingi mpaka akalikariri: hedhi ikichelewa hata siku chache, pima, na ikiwa ni mimba njoo wiki hiyo hiyo, hata kama unajisikia mzima kabisa. Wengi hungoja miezi mitatu ndipo waende kliniki ya wajawazito. Kwa aliyeunganishwa mirija, huko ni kucheza na uhai.

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji hedhi ilichelewa. Kipimo kikaonyesha mistari miwili. Alikuja na mumewe, wamevaa kama wanaokwenda sikukuu. Damu ilipimwa: homoni ya mimba 1,140. Baada ya saa 48, 1,390. Mimba changa iliyotunga mahali pake hupanda kwa kasi zaidi ya hiyo, angalau karibu nusu ya kiwango cha mwanzo. Skani ya ukeni ilionyesha kizazi kitupu, na uvimbe wa sentimita 2 upande wa kushoto.

Kumwambia lilikuwa jambo gumu, na nililisema bila kuzunguka: mimba ipo, lakini imetunga kwenye mrija, haiwezi kukua hapo, na ikiachwa itaupasua mrija na kukumwagia damu tumboni. Aliuliza kama inaweza kuhamishwa ipelekwe kizazini. Haiwezekani, popote duniani.

Kwa kuwa ilikamatwa mapema, hapakuhitajika kisu. Hakuwa na maumivu makali, presha yake ilikuwa imara, moyo wa mimba haujaanza kupiga, homoni ilikuwa chini ya 5,000, ini na figo zake zilikuwa salama. Alipelekwa hospitali ya rufaa akachomwa sindano ya methotreksati, dawa inayosimamisha mimba isikue, miligramu 50 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Vidonge vya foliki, vitamini anayomeza anayetafuta mimba, vikasimamishwa kwa sababu hupingana na sindano hiyo. Siku ya nne homoni ilikuwa 1,510, na kupanda kidogo siku hiyo ni kawaida. Siku ya saba 1,120. Kushuka kwa zaidi ya asilimia 15 kati ya siku ya nne na ya saba ndiko kunakosubiriwa. Iliendelea kushuka kila wiki mpaka ikaisha. Mrija ulibaki. Kama angekuja mwezi mmoja baadaye, angeletwa amezimia, na Bombo hadi Kampala, kwa foleni ya Kawempe, ni mbali kwa mtu anayevuja damu ndani.

Walipo sasa

Amefikisha 35. Miezi mitatu ya kungoja baada ya sindano imekwisha, vidonge vya foliki vimerudi, na swali la mwanzo limerudi likiwa na sura nyingine. Aliyewahi kutunga mimba nje ya kizazi, uwezekano wa kurudia ni kama 1 katika 10. Mrija wa kulia bado uko wazi. Mimba ile, kwa uchungu wake wote, ilituonyesha kwamba mayai yanatoka na mbegu zinafika.

Wapo waliowaambia waache kubahatisha, waende IVF mara moja. Ushauri huo una hoja, na angekuwa na miaka 38 ningeusema mimi mwenyewe. Walichoamua na daktari wao ni kujaribu kwa miezi sita zaidi, na ikipita bila mimba waende Kampala. Bwana ameanza kuweka akiba kwenye SACCO ya wanajeshi kwa ajili hiyo, kidogo kidogo kila mshahara unapoingia. Ndugu wamenyamaza kuhusu mke wa pili. Nadhani ni kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia majibu ya kipimo chake cha kwanza, jambo ambalo sikumwomba na ambalo wanaume wachache wangelifanya.

Limebaki la kizazi, lile nililosema nitalirudia. Kwa njia yoyote mimba itakayopatikana, huyu ni mama mwenye makovu mawili. Hatari kubwa kwake ni kondo la nyuma kukaa chini, juu ya kovu, na kuota mizizi ndani ya ukuta wa kizazi. Kwa anayekwenda upasuaji wa tatu huku kondo likiwa limeziba mlango, jambo hilo huwapata 40 katika kila 100, na damu inayomwagika hapo inaweza kumaliza benki ya damu ya wilaya. Kondo likikaa juu, hatari hiyo inakuwa ndogo sana. Kwa hiyo skani ya wiki ya sita itatafuta mambo mawili, kwamba mimba imo kizazini na kwamba haijakaa kwenye kovu, na ya wiki ya 20 itaangalia kondo. Kujifungua kutapangwa kwenye hospitali yenye madaktari bingwa na damu ya kutosha, kabla uchungu haujaanza.

Juzi bwana alileta hoja ambayo nilijua itakuja. Kama IVF ni ghali hivyo, kwa nini wasiwekewe viinitete viwili au vitatu kwa mara moja, wapate mapacha na wamalize? Nilimwonyesha mkononi jinsi kizazi kinavyotanuka kwa mapacha na kovu linavyokuwa jembamba, nikamweleza kuhusu watoto wanaozaliwa kabla ya wakati na wiki wanazolala kwenye joto la mashine. Kwa kizazi hiki ni kimoja tu, na vingine vinaweza kugandishwa vikangoja zamu. Alimtazama mkewe, akauliza kugandisha kunalipiwa kila mwaka au mara moja. Nimewaandikia swali hilo juu kabisa ya orodha ya kuuliza Kampala, likifuatwa na lile la nani atakayemfanyia upasuaji wa kujifungua.